Kihisi Kimekubali

Kwa wiki nzima, kihisi joto ambacho Msifuni alikizika ndani ya ukuta wa tanuru la kuyeyushia chuma kilituma vipimo bila waya kwa kusuasua, maana matofali yalikuwa manene. Asubuhi hii vipimo vilimiminika kwenye simu yake bila kukatika.

“Hongera, dada,” alisema Kibwana, msimamizi wa zamu. “Hatimaye kimekubali.”

Msifuni hakutabasamu. Hakuwa amegusa kihisi wala antena. Basi kilichopungua ni unene wa ukuta.

“Watoe watu humu, kaka,” alisema taratibu.

Kibwana akacheka. “Tupate chai kwanza.”

Akanyoosha mkono kuliinua birika ambalo wafanyakazi huliegemeza kwenye tanuru kila siku, chai isipoe. Mkono ukasita njiani. Birika lilikuwa linatokota.