Vidole Mpaka Jumamosi

Mke alizima taa ya karakana, akaiwasha, akaizima tena, akaiwasha. Seremala akainua kichwa.

Mke akabwaga jozi ya glavu juu ya benchi. "Weka msumeno chini unijibu. Nilikwambia nini kuhusu hizi?"

Seremala akauweka msumeno kando, bila haraka. "Mbao haipapaswi kwa soksi, mama watoto."

"Jumamosi binti yako anaolewa."

"Ndiyo maana namtengenezea kitanda."

"Si vimejaa dukani?"

"Mwanangu alalie kitanda cha dukani na mimi ni mzima? Thubutu."

Mke akavihesabu vidole vya mumewe kwa macho. Kumi. Wiki nzima alikuwa akivihesabu asubuhi na jioni, kama mfugaji na kuku wake. Alikwisha kumkataza kumenya vitunguu, kufungua makopo, kupanga viti vya kukunja, na hata kucheza na paka wa jirani.

"Kaka yangu alijibana kidole gumba mlangoni asubuhi ya harusi ya mwanawe," alisema. "Unaikumbuka ile hotuba?"

Seremala akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Kumsifu bwana harusi amsifu yeye, watu waone anamtukana!"

"Haya, cheka. Zamu yako inakuja." Akasita kidogo. "Halafu baba mkubwa wa bwana harusi ametuma ujumbe. Anasema usijisumbue na hotuba. Atakusemea yeye."

Kicheko kikafutika usoni mwa seremala. Maisha yake yote watu wenye nia njema walikuwa wakimsemea: sokoni, hospitalini, kwenye mikutano ya mtaa. Hata siku wazazi wa pande mbili walipokutana kupanga harusi hii, yeye aliwekwa kwenye kiti kizuri kama mgeni, akatazama midomo ya wanaume wengine ikipanga mambo ya nyumba yake.

"Mjibu asante," alisema. "Mwambie apumzishe mdomo wake. Binti nimemlea mimi, hotuba ni yangu. Sisemewi."

"Na ukijikata je?"

"Hata kikibaki kimoja, nitasema nacho."

Mke alitaka kuongeza neno, lakini mumewe alikwisha kumgeuzia mgongo. Na mzee huyu akigeuza mgongo, nyumba nzima ilijua mjadala umekwisha.

Ijumaa alasiri kitanda kilikamilika. Msumeno haukumgusa, wala patasi, wala nyundo. Aliingia jikoni kutafuta kijiko, akavuta droo. Mkewe akakumbuka kwamba visu vimo humo humo, akairukia na kuisukuma kwa nguvu zake zote. Vidole viwili viliponea chupuchupu.

Seremala akaitazama droo, kisha akamtazama mkewe.

"Miaka thelathini na msumeno, sijapoteza hata ukucha," alisema. "Kumbe wa kumvalia glavu ni wewe."

Jumamosi ukumbi ulijaa pomoni. Ilipofika zamu ya baba wa bibi harusi, baba mkubwa wa upande wa pili alikuwa amekwisha kusimama, tai imenyooka, karatasi mkononi. Seremala akamfuata mpaka pale alipo, akamshika bega, akamkalisha taratibu, kama mtu anayeweka ubao mahali pake.

Mshereheshaji akamnyooshea kipaza sauti. Seremala akakipokea, akaenda kumkabidhi bibi harusi, kisha akasimama katikati ya ukumbi, penye mwanga mwingi.

Akainua mikono yote miwili, akaanza hotuba yake. Na binti yake akawa anawatafsiria wageni wanaosikia.