Kupishana Ngazini

Mtambo ule ule unaopishanisha ndege angani sasa ulikuwa umefungwa katika kila nyumba ya mke na mume ili wasigombane. Mioyo ikianza kwenda mbio, mlango wa ngazi hujifunga, na sauti humwamuru mmoja apande na mwingine ashuke, mpaka wote wawili watulie. Edina, mwongoza ndege mstaafu, alikuwa na mwaka wa pili hajapishana kauli na mumewe, Kaijage. Walipishana ngazini tu.

Asubuhi hiyo alikuwa akitandika kitanda ghorofani aliposikia kishindo jikoni, kisha sufuria ikibingirika.

"Baba Koku!"

Akateremka mbio. Mlango ukajifunga mbele yake.

"Panda, Mama Koku," sauti ikasema kwa upole.

"Nipande niende wapi, wewe! Mtu ameanguka! Hatugombani!"

"Moyo wako unakwenda mbio. Panda."

Alijua mtambo haubishiwi; hata marubani waliutii zaidi kuliko walivyomtii yeye. Akaketi kwenye ngazi, akavuta pumzi, akaishusha, huku akisikia vidole vikikwaruza sakafu upande wa pili wa mlango, polepole, kisha vikaacha.

"Vizuri," ikasema sauti. "Baba Koku ameshatulia kabisa. Bado wewe tu."