Nuksi ya Nidia

Wauguzi watano walikuwa wamejifungia kwenye stoo ya mashuka, na hakuna aliyekubali kutoka mpaka Nidia aondoke wodini.

"Fungueni!" Edelmira, mkuu wa wodi, aliugonga mlango kwa ngumi. "Wagonjwa hawajapata hata kahawa!"

"Hatufungui, bosi," sauti ya Rosiris ilijibu kutoka ndani. "Sisi tuna watoto. Mwondoe huyo nuksi kwanza."

Jumamosi ya Kanivali, mji mzima wa Barranquilla unacheza barabarani, na Edelmira anabishana na mlango.

Edelmira alikuwa na miezi mitatu tu kwenye wodi ya wanaume waliovunjika mifupa, na jambo la kwanza lililomkera hapo lilikuwa habari za Nidia Orozco. Mwanamke mpole, hata sauti haimtoki, lakini wenzake waliapa kwamba ana nuksi: akishika zamu siku ya sikukuu, lazima balaa liingie wodini. Kwa hiyo wakuu waliotangulia walimrudisha nyumbani kila Krismasi, kila Mwaka Mpya, kila Kanivali. Edelmira alihamaki. Mtu mzima anatengwa kama mwenye upele, na wanaomtenga ni watu waliosoma! Nuksi haimo kwenye kitabu chochote cha uuguzi, aliwaambia, akampanga Nidia zamu ya Jumamosi ya Kanivali.

Nidia alipoliona jina lake kwenye ratiba ukutani alibubujikwa na machozi. Edelmira akamkumbatia.

"Najua, mamaa, najua. Wamekuonea mno."

Edelmira naye alikuwa na lake. Binti yake, Yuranis, alikuwa anacheza ngoma ya kumbia kwenye gwaride la Kanivali kwa mara ya kwanza, na alikuwa amemwapisha mama yake mbele ya picha ya Bikira Maria kwamba safari hii atakuja kumtazama. Maana tangu utoto wa yule binti, kila alipocheza, mama alikuwa wodini. Gauni la maua lilikuwa limetundikwa ofisini. Zamu ikitulia tu, Edelmira anaondoka.

Zamu haikutulia. Kabla hata ya kifungua kinywa bomba la bafuni lilifyatuka, maji yakatambaa mpaka chini ya vitanda, makubadhi ya wagonjwa yakaanza kuogelea. Halafu toroli la chakula likachomoka gurudumu na mayai yote yakamwagikia viatu vya daktari.

"Jamani, mimi nimesimama hapa tu!" Nidia alilia, mikono kifuani.

Kisha akaingia mke wa Don Hermógenes na sufuria ya supu. Don Hermógenes alikuwa dereva wa lori, kitanda cha nne, mguu umening'inizwa juu kwa kamba. Nyuma ya mke akaja mwanamke mwingine kutoka mji jirani wa Soledad, naye na supu yake.

"Wewe nani?" aliuliza wa kwanza.

"Mke wake. Na wewe, shangazi yake?"

Kabla swali hilo halijajibiwa, akatokea wa tatu, kutoka mji wa Malambo, na sufuria kubwa kuliko zote. Mihogo iliruka. Don Hermógenes, asiye na pa kukimbilia, alijifunika shuka mpaka kichwani akajifanya amekufa, na wale wanawake wakaanza upya kugombana, sasa juu ya nani ana haki ya kuwa mjane.

Hapo ndipo wauguzi walipokimbilia stoo.

Maji yalikuwa yamezidi unga. Edelmira aliuacha ule mlango, akamwita Nidia ofisini.

"Nenda nyumbani, mamaa. Nisamehe. Nimejaribu."

"Usijali, bosi." Nidia alijifuta macho. "Nimeshazoea. Lakini nani atashika zamu yangu?"

Edelmira alilitazama lile gauni la maua. "Nani mwingine?"

Akampigia simu Yuranis. Binti hakulia wala hakulaumu, alisema tu, "Sawa, mama." Hiyo sawa ilimchoma Edelmira kuliko tusi, na alipokata simu alichukua tambara, akarudi wodini kukausha maji.

Mchana wodi ilikuwa imekauka. Wauguzi walitoka stoo wakachapa kazi kama malaika. Wale wanawake watatu Edelmira aliwapangia zamu za kumtembelea mgonjwa wao, asubuhi, mchana na jioni, na wakaahidi kuzifuata bila kuomba kubadilishana, jambo ambalo wauguzi wake hawajawahi kuahidi.

Gwaride lilipoanza, wote walikusanyika mbele ya televisheni. Yuranis alipotokea, sketi imefunguka mpaka kando ya barabara, Edelmira alipiga ukelele.

"Wangu huyo! Wa pili kushoto! Mwoneni wangu!"

Wagonjwa wakagonga sahani kwa magongo. Edelmira akalia, na hakujificha. Kikundi cha Yuranis kikapita, kikaja kingine, na mbele yake mwanamke wa sketi nyekundu, ameinua juu fungu la mishumaa ya kuchezea kumbia, kiuno hakina mfupa, meno yote nje, akipiga vigelegele vilivyomzidi mpiga ngoma.

Wote wakasogea karibu na televisheni.

"Atakuwa pacha wake," Rosiris alisema polepole.

"Na huyu hapa ndiye Nidia Orozco!" mtangazaji alipaza sauti. "Mwaka wa kumi na tisa mfululizo anaongoza kikundi hiki, hajakosa Kanivali hata moja!"

Don Hermógenes aliinua kichwa kutoka kwenye mto.

"Ala, si yule nesi mwema?" alisema. "Jana alikaa nami hapa muda mrefu, tukapiga soga, akaniomba namba za simu za wanawake wangu wote watatu."