Viatu Vilivyojazwa Magazeti

Siku hizo, ukimfuata mtu maarufu mtandaoni, ulipewa kumbukumbu yake moja. Ikawa yako moja kwa moja, mwenyewe akabaki bila. Tokuji Henmi, winga wa timu ya soka ya Japani, alikuwa ameshafikisha wafuasi milioni arobaini.

Wakesho, fundi cherehani wa Voi, alijaliwa kumbukumbu ya Tokuji ya mchana mmoja wa mvua: mama anajaza magazeti ndani ya viatu vya mpira vilivyolowa, huku akiimba taratibu. Tangu hapo alishona kama aliye usingizini, akiuimba wimbo huo kwa lugha asiyoijua, na cherehani yake ikinguruma kama mvua ya mbali.

“Mama, umejaza tena magazeti kwenye viatu vyangu,” binti yake Mkawasi alilalamika. “Na wala havijalowa!”

Jumapili moja Tokuji mwenyewe akapiga simu, mashine ikimtafsiria.

“Samahani kwa usumbufu, dada. Nimeambiwa mama yangu yuko kwako. Nimemtafuta kichwani mwangu kote, simpati.”

Wakesho akamwimbia ule wimbo mpaka mwisho. Alidhani atamsikia akilia, lakini Tokuji alisikiliza kwa adabu tu, kama mgeni aliyekaribishwa chai.

“Wimbo mzuri,” akasema. “Na huyo mama, dada, alinipenda?”

“Mno,” Wakesho akajibu, machozi yakimtiririka. “Mama alinipenda mno.”

Wakesho alipotambua alichokisema, simu ilikuwa imeshakatwa.