Mvua ya Kwanza

"Taa haiko. Roger haiko. Sasa unataka nifikiri nini?"

Elisabeth alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Ngezi na mimba yake kubwa, kuja kumwuliza Agathe, meneja wa hoteli, mumewe Roger alilala wapi. Badala ya mume alipewa kiti, kikombe cha chai, na habari kwamba ameolewa na mwizi.

"Kunywa," Agathe alisema. "Ni mayi ya mvua ya jana, hatukununua hata tone."

Hata katikati ya ugomvi alijisifia maji. Agathe alikuwa mwanamke wa kubana. Jenereta aliiwasha jioni tu, wageni waliogea ndoo moja, na maji yaliyofulia mashuka yalimwagiwa maua. Mwenye hoteli alipokataa kununua tena maji ya lori, Agathe alizungusha mifereji paa zima ili mvua iingie kwenye siterne, tangi kubwa lililochimbwa chini ya ua. Ufunguo wa mfuniko aliuvaa shingoni, kamba moja na msalaba wake.

Kusugua siterne kabla ya mvua ilikuwa kazi ya Roger. Mtu hushuka kwa vyuma vya ukutani mpaka gizani, na kandambili zake huziacha juu, kwenye mdomo wa siterne. Hiyo ndiyo desturi ya hoteli, na kila mfanyakazi huijua: ukiziona kandambili, hugusi kitu.

Jana asubuhi Agathe alifungua mfuniko akamwita. Roger akakataa. Alisema mvua bado iko mbali, atashuka kesho. Wakatupiana maneno mbele ya wageni, na mwishowe Roger akavua koti la hoteli, akalitupa kwenye kiti na kuondoka bila kuaga. Kiburi kitupu, Agathe aliwaambia wageni.

Mchana wingu likatokea upande wa ziwa. Mvua ilipoanza kupiga mabati, Agathe alikimbilia uani na mwavuli wake. Alitazama mdomo wa siterne: hakuna kandambili. Akavuta mfuniko, akafunga kufuli kabla majirani hawajaja na vidumu vyao, akageuza bomba la paa. Haba na haba hujaza kibaba, na siku hiyo haikuwa haba. Mvua ilinguruma juu ya mabati hadi watu jikoni wakawa wanasemeshana kwa mikono. Siterne ilijaa pomoni, na Agathe akaimba.

Jioni ndipo alipoona kwamba taa mpya ya sola haiko stoo. Ufunguo wa pili wa stoo alikuwa nao Roger.

"Bwana yangu haiko mwizi," Elisabeth alisema sasa. "Jana alifika ku nyumba na hasira. Nilimuambia, Roger, mutoto iko karibu, kazi ni kazi. Rudia, uombe pole, usugue ile siterne. Akarudia."

"Kama alirudia, mbona siye hatukumuona?"

"Pengine alipitia nyuma. Alikuwa na haya."

Agathe alicheka, kicheko kibaya. "Ndiyo, alipitia nyuma. Akabeba taa. Mulinzi anasema ameona mutu kama yeye juu ya pikipiki, barabara ya Komanda. Nani anaenda Komanda na taa ya hoteli, mama? Mutu anaenda kuiuzisha."

Elisabeth alishika kikombe kwa mikono miwili. Alitaka kubisha, lakini alikumbuka jinsi Roger alivyozoea kusema juu ya dhahabu, juu ya rafiki zake walioacha wake zao wakaenda kuchimba upande huo wa Komanda. Usiku kucha alikuwa amemngoja na mlango wazi. Sasa alianza kuamini, na hilo lilimwuma kuliko matusi.

"Taa irudie mbele ya jioni," Agathe alisema. "Kama hapana, napeleka jina yake ku polisi. Mutoto yako atazaliwa, baba yake iko mu gereza."

"Angeniaga, mama. Roger angeniaga."

"Mwizi anaaga?"

Elisabeth alikunywa chai ili asilie. Ilikuwa na sukari nyingi. Agathe hakuwa mtu wa roho mbaya, alikuwa tu mtu aliyeibiwa. Kikombe kilipobaki tupu Elisabeth alikiweka chini, akainamisha kichwa.

"Basi nisamehe," alisema. "Sikujua. Nimeolewa na mutu mubaya. Peleka jina yake."

Agathe akamwonea huruma. Alimshika bega, akamwambia kwamba Mungu hamtupi mjane wala aliyeachwa, na kwamba akijifungua aje, atampa kazi ya kufua.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Aliingia Mama Gentille, mpishi mpya kutoka Tchomia, ambaye jana ndiyo ilikuwa siku yake ya kwanza kazini. Alikuwa mtu mzima mwenye adabu, na alisimama kwanza mlangoni akipangusa mikono kwenye kitenge, kitu fulani amekibana kwapani.

"Munisamehe, bamama. Nauliza tu, hizi kambambili ni ya nani? Jana mvua ilipoanza nilizikuta inje, ku mudomo ya lile shimo. Nikaona zitaloana bure. Nikaziweka karibu na moto ya ziko, sasa zimekauka."

Elisabeth aliuona uzi mwekundu ambao yeye mwenyewe alimshonea mumewe kwenye kamba iliyokatika. Mkono wa Agathe ulikuwa umeshafika shingoni, ukiutafuta ufunguo.