Swichi ya Usawa wa Kiuno

Kila mwanajeshi alitiwa sikioni kidude cha kupokea amri, kilichowaka kijani kila amri ilipoingia, na aliyeacha jeshi aliondoka nacho kikiwa kimezimwa. Ambakisye aliporudi kwao Tukuyu, hakuweza kuanza jambo lolote bila kuambiwa. Bibi yake, Tunsume, ndiye aliyemwambia, kwa utani wao wa bibi na mjukuu: “Kula, mume wangu. Haya, sasa kalale.”

Siku aliyosema amechagua ufundi umeme, bibi alishtuka.

“Umeme! Umepona vitani uje ufie kwenye kuta za watu?”

“Umeme una testa, bibi, bisibisi yenye kitaa. Ikiwaka kwenye waya nasubiri, isipowaka naanza. Nayo hainifokei.”

Akajifunza mwaka mzima. Majirani walimpenda, maana hakuondoka kwa mtu bila kufagia vumbi la ukuta aliotoboa.

Leo alifunga taa jikoni kwa bibi. Tunsume akanyanyua mkono kutafuta swichi mahali pake pa zamani, akaikuta chini, usawa wa kiuno.

“Nani kakuambia uishushe?”

“Hakuna. Nimeona bega linakusumbua.”

Bibi akafuta macho kwa ncha ya kanga. Akapakua ndizi na maharage, akajizuia asimwambie ale. Ambakisye akanawa, akashika kijiko, akaanza kula mwenyewe.

Mara kile kidude kilichozimwa sikioni kikawaka kijani, mara moja tu. Kijiko kikasimama hewani.

“Kula, mume wangu,” bibi akasema taratibu.

Kijiko hakikusogea.