Uzio wa Nungunungu

Zamani, Nungunungu alipokuwa bado na majivuno, alizungushia pango lake uzio wa miiba yake mwenyewe, akawatambia majirani: "Mwanangu Kishungi hatoki. Hapa hata upepo hubisha hodi."

Hakujua kwamba Fuko alikwisha kumchimbia mtoto njia ya chini kwa chini, na kila mchana Kishungi alitokea ng'ambo ya uzio bila kuonekana.

Siku moja baba alimkuta akiibuka sakafuni, ananuka harufu ya Chatu. Miiba ikamsimama baba.

"Huwa unakwenda kwa nani?"

"Kwa Mjomba Chatu. Amesema kesho niende peke yangu."

"Na siku zote hizi hukuniambia?"

Mtoto akarudi nyuma hadi ukutani. "Baba, ulisema atakayevuka uzio utamchoma. Chatu yeye huniuliza nimeshindaje."

Majirani walikuwa mlangoni, wamesikia yote. Nungunungu akawatazama, kisha akamgeukia mtoto. Ndipo alipoona miiba yake yote imemwelekea mwanawe. Akainamisha kichwa, akailaza.

"Njoo ukae," akasema kwa sauti ndogo. "Leo umeshindaje?"